Kabla hujakaza mstari wa kwanza

Wadogo zangu mnaojifunza kusuka, mikono yenu ni myepesi na mistari yenu imenyooka. Nawapenda kwa hilo. Lakini kila akikaa kitini mteja mwenye nywele chache mbele, naona kosa lile lile: mnachukua kitana cha mkia, mnakusanya mpaka vile vinywele vya malaika vya kwenye paji, mnapaka jeli, mnakaza. Kisha mnamwambia huo ni mtindo wa kulinda nywele. Mtindo haulindi kwa jina lake. Rasta, twende kilioni, kushonea, hata wigi, vyote vinaweza kulinda nywele na vyote vinaweza kuzing'oa. Inategemea vidole vyenu.

Kwanza, tazameni kabla ya kugusa. Nywele zikipungua kwa kuvutwa, mara nyingi hubaki pindo jembamba la vinywele vifupi pale palipokuwa na mpaka wa zamani, na uwazi unaonekana nyuma yake. Pindo hilo msiliguse. Msilipake jeli ya kugandisha, msilisuke, wala msiliunganishe na rasta. Anzeni mstari nyuma yake, penye nywele zenye nguvu, na mteja akiuliza kwa nini, mwelezeni.

Pili, maumivu. Bado nawasikia mkisema, "Zikiuma ndiyo zimeshika." Naomba kauli hiyo ife. Ukiona ngozi imeinuka kwenye mzizi kama kihema kidogo, nywele inavutwa pamoja na mzizi wake. Ukiona vipele kwenye mistari siku chache baadaye, vinyweleo, yaani vitundu vya ngozi vinavyootesha nywele, vimeshaanza kuumia. Mkimaliza mistari ya mbele, mwambieni mteja ainue nyusi, akunje paji, ainamishe kichwa. Akihisi kuvutwa, fumueni pale pale, hata kama foleni imefika mlangoni. Msimwambie zitalegea zenyewe baada ya siku mbili tatu, maana nyingine zinalegea kwa sababu zimeshang'oka.

Tatu, uzito. Anzeni na nywele zake mwenyewe kwa mizunguko michache, ndipo mwingize rasta kidogo kidogo. Mbele, shikeni nywele zake nyingi zaidi na rasta chache zaidi.

Nne, dawa ya kunyoosha nywele. Nywele iliyotiwa dawa imeshadhoofika, na ukiisuka kwa kukaza unaongeza hatari juu ya hatari. Mimi simsuki mtu kabla ya wiki 2 kupita tangu atiwe dawa, na mbele simwekei rasta nzito kabisa.

La tano ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa na mteja mwaminifu, mama mpole aliyependa rasta ndogondogo zilizofungwa juu. Mara ya kwanza kuona vipele kwenye paji lake nilimpaka mafuta nikaendelea kusuka. Aliporudi, pembeni mwa masikio palikuwa pamepungua. Nilijua nilichokuwa nakiona. Badala ya kumwambia, nikaurudisha mstari nyuma kidogo ili uwazi usionekane. Safari iliyofuata nikaurudisha tena. Nywele zilipokuwa chache mno kushika rasta, nilizikusanya kutoka pande mbili nikazifunga pamoja, na hizo chache zikabeba uzito uliotakiwa kubebwa na nyingi. Mwishowe nikamwekea wigi ya gundi, na gundi nikaipaka juu ya ngozi ile ile iliyokuwa imechoka. Kila mara alijitazama kwenye kioo, akatabasamu, akanishukuru. Shukrani zake ndizo zilizonifunga mdomo. Niliogopa kwamba nikisema ukweli atakwenda kwa msusi mwingine, na nikajidanganya kwamba kuficha ni kusaidia.

Siku alipokwenda kwa daktari wa ngozi, aliambiwa kwamba sehemu kubwa ya mbele vinyweleo vimegeuka kovu. Alirudi kunieleza bila hasira yoyote. Akachukua kidole changu akakipitisha kwenye paji lake, na ngozi ilikuwa laini, inang'aa, haina hata alama ya tundu la unywele. Tatizo hili mwanzoni hutibika: ukiacha kuvuta, nywele nyingi hurudi, ingawa inachukua miezi. Kovu likishaingia, hakuna mafuta wala kitunguu kinachoziotesha tena. Yule mama alikuwa na muda wa kutosha wa kupona, na muda huo niliutumia mimi kurudisha mistari nyuma. Kwa hiyo nikimwona mmoja wenu anasogeza mstari kimyakimya ili kufunika uwazi, nikapaza sauti mbele ya watu, mjue nimeona nini.

Mwambieni mteja mapema, kwa upole, mkiwa wawili tu. Mpeni kioo cha pili ajione. Mpendekezeeni mabutu makubwa yaliyolegea, au nywele zake mwenyewe bila rasta, au wigi isiyo na gundi wala mpira wa kubana, avae juu ya kofia ya satini na aivue usiku. Na msikubali kuambiwa kwamba nywele zetu ndizo dhaifu. Mwaka 1907 hali hii ilielezwa na daktari Trebitsch kwa wanawake wa Greenland, kisiwa cha baridi huko kaskazini, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kukaza sana. Mvuto ni mvuto, kichwa chochote kile.

Kuhusu muda, nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Baada ya miezi miwili rasta inaning'inia kwenye kipande kipya ambacho hakijasukwa, inazunguka na kukisokota kila mteja akigeuza kichwa. Mwenye nywele chache mbele asipitishe wiki 6 hadi 8, kisha apumzike, na mtindo unaofuata ubadilishe njia za mistari.

Wakati wa kufumua msishtuke wala msimshtue. Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na hizo zote zilikuwa zimenaswa humo, hivyo bonge la nywele ni la kawaida. Tazameni aina yake: ndefu zenye kidoti cheupe mwishoni nyingi zimetoka kwa wakati wake, vipande vifupi visivyo nacho vimekatika. Mkiona vifupi vingi vya mbele, ni mkono wenu.

Si kila upungufu unatokana na sisi, lakini. Mama aliyejifungua huweza kuanza kupoteza nywele nyingi karibu miezi 3 baadaye, na kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka. Mpeni mtindo mwepesi na maneno ya kumtuliza. Lakini mpaka wa nywele ukirudi nyuma kwa mtu asiyesuka kwa kukaza, au nyusi nazo zikipungua, au ngozi ikiwasha na kuuma bila sababu, msimsuke siku hiyo. Mwelekezeni kwa daktari wa ngozi, na mwambieni aende na nywele zikiwa wazi, bila jeli, ili paonekane vizuri.