Maswali Yenu: Jirani Anapobisha Hodi Kuomba Radhi

SWALI: Jirani yetu ni Myahudi. Septemba iliyopita alibisha hodi jioni akaniambia, "Kama nimekukosea mwaka huu, niwie radhi." Nilibaki kinywa wazi, maana hatujawahi kugombana. Ilikuwa nini ile, na nilipaswa kujibu vipi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Alikuwa akijiandaa kwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, inayoangukia tarehe 10 ya mwezi wa Tishri. Tarehe mosi ndiyo Rosh Hashana, mwaka mpya wao, na hizo kumi huitwa siku za toba.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema wazi: makosa baina ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafuta, ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka kwanza amridhishe mwenzake. Kwa hiyo aliyekopa kwa mwenye duka akaingia mitini, mfungo wa saa 25 haumtoi kwenye deni. Musa bin Maimuni, mwanasheria wao wa karne ya 12, anataka zaidi: hata ukishalipa, bado uende ukaombe msamaha. Ukikataliwa, rudi na watu watatu wakuombee. Ikishindikana, rudi tena, na tena. Baada ya hapo mwenye kosa ni yule anayekataa kusamehe. Na kama mkosewa ameshafariki? Unakwenda kaburini na watu kumi, unaungama mbele yao.

Panapoharibika ni pale mtu anapotuma ujumbe mmoja kwa simu, "nisameheni nyote", saa moja kabla ya mfungo. Wanaojibu haraka ni wale ambao hakuwakosea. Kosa linalojulikana hutajwa kwa jina lake: ngazi niliyoazima nikairudisha imevunjika. Ila umbea ambao mwenyewe hajausikia una mjadala. Wapo marabi waliosema usimwambie, maana utamuumiza upya.

Wewe jibu tu, "Nimekusamehe." Na kama una dukuduku, litoe hapo hapo mlangoni, hicho ndicho alichokifuata.

SWALI: Nilipokwenda kuhiji Jerusalem nilinunua pembe ya kondoo. Kila nikipuliza inatoka hewa tu. – Msomaji, Arusha

JIBU: Unajaza mashavu, bila shaka. Bana midomo, iache ikaze, weka tundu la pembe kwenye kona ya kulia ya mdomo, kisha tetemesha midomo kama mtoto anayeiga pikipiki. Mlio unatoka kwenye midomo, pembe inaukuza tu. Ukianza kukwaruza, mate yamejaa ndani: inamisha yatoke, subiri kidogo. Kagua pia ufa. Pembe iliyopasuka kwa urefu wake wote haifai kwa ibada, na ya ng'ombe haikubaliki tangu mwanzo, kwa sababu ya yule ndama wa dhahabu.

Pembe hii hupulizwa sinagogini siku ya Rosh Hashana, na milio yake ni mitatu. Tekia ni mmoja mrefu, ulionyooka. Shevarim ni mitatu inayokatika, kama mgonjwa anayepiga kite. Terua ni tisa mifupi, kama kwikwi za kilio. Marabi wa Talmud, kitabu kikuu cha mafundisho ya Kiyahudi, walibishana kama Torati inataka kite au kwikwi, ndiyo maana vyote viwili hupigwa, na masinagogi mengi hufikisha milio 100 siku hiyo. Mwaka 2026 usiitegemee Jumamosi ya tarehe 12 Septemba, ingawa ni Rosh Hashana: ni Sabato pia, na katika masinagogi yanayoshika desturi ya zamani pembe haiguswi mpaka Jumapili.