Diski iliyochomekwa si akiba

SWALI: Ninaendesha duka la jumla la dawa hapa Morogoro. Hesabu za mauzo, madeni ya wateja na orodha ya stoo zimo katika kompyuta moja, na kila jioni karani wangu huzinakili kwenye diski ya nje inayokaa imechomekwa usiku na mchana. Juzi jirani yangu alikuta mafaili yake yamefungwa na wadukuzi wanaodai kikombozi, na nakala zake za akiba zimefungwa vilevile. Je, zangu ziko salama?

JIBU: Ndugu msomaji, haziko salama, na ninakuomba uichomoe diski hiyo leo hii. Programu ya kikombozi haitofautishi faili la kazi na faili la akiba; hufunga chochote inachoweza kukifikia, na diski iliyochomekwa inafikika kama folda nyingine yoyote. Programu nyingi za aina hiyo huanza kwa kufuta hata zile nakala ambazo Windows huzitunza yenyewe. Folda inayojisawazisha na hifadhi ya mtandaoni nayo haitoshi, kwa sababu faili likiharibika dukani, hilo lililoharibika ndilo litakalopanda mtandaoni, isipokuwa kama huduma hiyo inatunza matoleo ya zamani na akaunti yake ina nywila ya peke yake.

Yaliwapata hata wakubwa. Tarehe 27 Juni 2017, NotPetya, programu iliyojifanya inadai kikombozi ilhali kazi yake ilikuwa kuharibu, iliingia katika mtandao wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Seva, yaani kompyuta kuu za mtandao, zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikitegemewa kuwa akiba ya mwenzake, na zote zikaharibika pamoja. Ilisalia moja tu, ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na seva ilikuwa imezimika. Diski yake ilibebwa mkononi hadi Nigeria, ikakabidhiwa mtu mwingine aliyepanda nayo ndege mpaka Uingereza, na hapo ndipo mtandao ulipoanza kujengwa upya. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Kukatika kwa umeme kulifanya kwa bahati kile ambacho wewe unaweza kukifanya kwa makusudi kila jioni.

Nunua diski ya pili, uzitumie kwa zamu: karani achomeke, anakili, achomoe, na ile isiyo zamu yake ilale nyumbani kwako. Nakala ya mwisho wa mwezi itunze kando kwa miezi kadhaa bila kuandika juu yake, kwani mdukuzi anaweza kujificha ndani kwa wiki nyingi kabla ya kufunga mafaili. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, umtafute mteja ambaye deni lake unalijua kwa kichwa, uone kama tarakimu ni ile ile.

Kulipa usikutegemee. Mwezi Mei 2021 Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, iliwalipa wadukuzi takriban dola milioni 4.4, lakini programu ya kufungulia iliyopewa ilikuwa ya polepole mno, ikabidi iendelee kurejesha kutoka nakala zake yenyewe.

Ikitokea umeshambuliwa, itenge kompyuta hiyo na mtandao, na usiichomeke diski ya akiba hadi kompyuta ifutwe na kuwekewa mfumo upya.