Muulize Mwalimu: Hitler wa mwaka gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye grupu letu la tuliosoma pamoja ulizuka ubishi kuhusu sheria ya kusajili laini za simu kwa kitambulisho. Mmoja akaandika, "Huu ni Unazi mtupu, Hitler alianza hivihivi." Mwingine akamjibu kuwa anayemtaja Hitler ameshashindwa hoja. Mpaka leo hawasemezani. Nani alikuwa sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili waliukimbia mjadala, ila huyo wa pili amenisikitisha zaidi, maana amejificha nyuma ya kanuni asiyoijua. Mwaka 1990 mwanasheria Mmarekani, Mike Godwin, alisema kadiri mabishano ya mtandaoni yanavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kulinganishwa na Hitler au Wanazi unavyokaribia kuwa hakika. Hakusema kwamba anayemtaja ameshindwa. Alitaka watu wafikiri kwanza.

Huyo wa kwanza ningemwuliza ninachowauliza wanafunzi wangu wa historia: Hitler wa mwaka gani? Januari 1933 aliteuliwa kuwa chansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani, kwa njia za kikatiba. Machi mwaka huohuo Dachau, kambi ya kuwafungia wapinzani wake, ilifunguliwa, na bunge likampa mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Mwaka 1935 Wayahudi walivuliwa uraia. Kambi ya mauaji ya Auschwitz, walikouawa watu wapatao milioni 1.1, ilikuja baada ya yote hayo. Mtu akinionyesha bunge linalokabidhi kazi yake kwa mtu mmoja, kisha akanitajia Machi 1933, nitamsikiliza kwa makini hata kama hajafa mtu. Akisubiri maiti ndipo alinganishe, onyo lake litamfaa nani?

Na kwa suala la kusajili watu, mfano wa enzi zile alikuwa nao karibu kabisa, akaupita. Kabla ya vita Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa vizuri, likionyesha hata dini ya mtu. Lilikuwa jambo la kawaida la kiofisi. Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo mwaka 1940, daftari hilo likarahisisha kuwatafuta Wayahudi, na takribani robo tatu yao waliuawa. Machi 1943 wanaharakati waliokuwa wakipinga uvamizi huo waliilipua ofisi ya daftari la Amsterdam ili kumbukumbu ziungue. Wengi wao walikamatwa, wakauawa.

Hapo pana la kujadili, bila kumwita yeyote Nazi: taarifa zipi zinachukuliwa, kuna ulazima gani wa kuzichukua, polisi watazipata kwa kibali cha nani, na serikali ikibadilika zitaangukia mikononi mwa nani? Waandikie wote wawili maswali hayo, kila mmoja pembeni kwanza. Huyo aliyeogopa sheria huenda ana hoja nzuri kuliko aliyoiandika.