Wasomaji Wanauliza: Uyoga wa pori, chakula, dawa na sumu

Mvua zimeanza na uyoga umejaa sokoni. Nyumbani tunauchemsha na kitunguu. Kikibaki cheupe, tunakula na bukari (ugali). Inatosha? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Haitoshi, mama, na tunakuomba uache njia hiyo leo. Amatoksini, sumu inayoua katika baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, haibadilishi rangi ya kitunguu, wala ya sarafu ambayo wengine huitia chunguni kupima. Haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kutia chumvi. Na uyoga kuwa na funza si ishara kwamba ni salama: mdudu hula kisichomdhuru yeye.

Wengine husema wenye kifuko chini ya shina ndio sumu. Katika misitu yetu ya miombo kanuni hiyo peke yake haikufikishi mbali, kwa kuwa Amanita loosii, unaoliwa sana Katanga na Zambia, nao una kifuko. Basi usikate shina kwa kisu. Chimbua uyoga mzima, umwonyeshe mtu anayeufahamu tangu utoto, na akisita, tupa.

Anayeanza aokote uyoga wa vichuguu. Kofia yake ina ncha ngumu katikati, na shina linaendelea ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye nyumba ya mchwa. Jioni kata kofia iliyokomaa, ilaze kwenye karatasi nyeupe, mikunjo ikitazama chini, ifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Uyoga wa vichuguu huacha vumbi la waridi hafifu. Vumbi jeupe ni la Amanita; la kijani ni la Chlorophyllum molybdites, ule mkubwa wa kwenye nyasi za viwanja, unaotapisha vibaya. Rangi hiyo hukukataza tu, haikupi ruhusa: uyoga mwingine mbaya nao una vumbi la waridi.

Hata ulio mzuri upike dakika 20 au zaidi, maana ukiwa mbichi husumbua tumbo. Usiubebe kwenye mfuko wa plastiki. Hutoka jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani. Chukua kitunga.

Mtu akianza kutapika na kuharisha saa 6 hadi 24 baada ya kula, mpeleke hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga ndani ya karatasi. Maziwa au mafuta ya mawese hayaondoi sumu. Siku ya pili anaweza kuonekana amepona, na hapo ndipo familia nyingi hudanganyika: ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano.

Mama yangu ana sukari. Ameuziwa uyoga mgumu wa kwenye magogo, unaong'aa, anywe kama chai. Je, unatibu? (Kijana wa Kampemba)

Huenda ni Ganoderma. Uyoga una nguvu za dawa kweli: Japani, dawa ya PSK, itokayo kwa uyoga Trametes versicolor, ilitumika pamoja na dawa za saratani kuanzia miaka ya 1970. Lakini hiyo ilisafishwa na kupimwa kiwandani. Ganoderma ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa sukari, haikuishusha. Zaidi ya hayo, inaweza kuongeza kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na unga wake umewahi kuumiza ini. Mama asiache vidonge vyake hata siku moja, na amwambie daktari anachokunywa.

Je, tunaweza kuokota karibu na viwanda vya shaba? (Msomaji wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hapana. Uyoga hunyonya madini yenye sumu, kadimiamu na risasi, kutoka udongoni, na kuosha hakusaidii kwa sababu madini yako ndani ya nyama yake. Epukeni hasa kaskazini-magharibi mwa bomba kuu la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, ambako upepo umelaza moshi kwa miaka mingi, na kingo za barabara kubwa. Ukinunua, muulize muuzaji umetoka wapi. Asiyejua kusema, mpite.