Kupenda ndege Dodoma: mimi nilianzia juu ya dungu

Mkuu, umeuliza mtu anapendaje ndege wa porini huku kwetu Dodoma, ambako mkulima akisikia ndege anawaza kwelea kwelea, vile vindege vinavyovamia nafaka kwa makundi, na njaa. Mimi mapenzi hayo niliyapata kwenye kazi ya kuwafukuza hao hao.

Nimekulia Bahi. Uwele wa bibi ukianza kutia maziwa, sisi watoto tulidamka kwenda kuwinga ndege juu ya dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, kila mmoja na kombeo lake. Kwelea hula sana asubuhi na jioni. Jua likiwa kali hutulia mitini. Saa hizo za katikati ndizo zilizonifundisha kuangalia, maana huruhusiwi kushuka na huna cha kufanya zaidi ya kutazama.

Bibi hakuwa na huruma na kwelea hata kidogo, ila alikataza kabisa kumrushia jiwe ndege ambaye hajagusa uwele wetu. "Mtazame mdomo kwanza," alikuwa akituambia. Basi nikawa natazama. Dume wa kwelea msimu wa kuzaliana ana mdomo mwekundu, na wengi wao uso huwa mweusi tii. Jike mdomo wake hugeuka njano wakati huo huo, kisha baadaye hurudi kuwa mwekundu. Nilipojua hilo, nikaanza kuwaona wengine waliokuwa wakichanganywa nao: mnana, chiriku, shomoro. Mpaka leo nikisikia kila kandege kanaitwa kwelea inaniuma, kwa sababu huku kwetu kuitwa hivyo ni kuhukumiwa kufa.

Mkulima simlaumu. Kwelea mmoja ana gramu 20 hivi, na anaweza kumaliza kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa kundi la laki kadhaa. Ninachopinga ni kukimbilia sumu kabla ya kujaribu kitu kingine. Fenthioni, sumu inayopulizwa kuua kwelea, haichagui: tai au mwewe akila kwelea aliyekufa kwa sumu, naye yuko hatarini. Kondoa kuna watu wanaowatega kwa wingi na kuwafanya kitoweo, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Shamba linapona na nyumbani kuna mboga.

Ukitaka pa kuanzia, nenda kwenye mibuyu. Humo utamkuta cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi, ukosi wa manjano na duara jeupe kuzunguka jicho. Asili yake ni Tanzania tu, na ukame wetu ndio kwao. Ukitulia utamwona jike akichuna magome na kuyabeba mdomoni kuingia tunduni kutengeneza kiota. Uzuri huo ndio uliomponza, wengi walikamatwa wakauzwa nje kwa ajili ya vizimba. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, nilifurahi sana.

Darubini si lazima kwa sasa. Vaa nguo zisizong'aa, wahi kabla jua halijapanda, usimfuate ndege, mwache akuzoee. Kisha tembelea bwawa la Hombolo kwa ndege wa majini, na ukipata nauli fika Singida mjini, Ziwa Singidani, uwatafute heroe (flamingo). Ukiona usiyemjua, andika rangi ya mdomo na ya miguu, ulete hapa tusaidiane jina.