Ukipewa uhusika wa mama mtu, chukua

Wadogo zangu mnaoanza kuigiza na kuimba, wiki hii nimepigiwa simu na mabinti wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wote wana miaka ishirini na kitu na wote wanalalamika kitu kimoja: muongozaji kawapa uhusika wa mama mtu, wanataka kukataa. Mimi nilikataa. Nilikuwa na miaka 26 nikasema bado mbichi, sivai kitenge cha mama mkwe mbele ya kamera watu wakanizoea hivyo, basi uhusika akapewa mwenzangu na mimi nikakaa nyumbani miezi minane sina kazi. Kwa hiyo naomba niwasimulie habari za Angela Lansbury, muigizaji na muimbaji aliyeng'ara kwenye filamu, jukwaani na kwenye runinga.

Kazaliwa London 1925, mama yake naye muigizaji, mwaka 1940 kwenye vita wakakimbilia Marekani. Huko Los Angeles akawa muuzaji kwenye duka la Bullocks Wilshire kwa dola 28 kwa wiki, mpaka studio ya filamu ya MGM ilipomchukua kwa dola 500 kwa wiki. Filamu yake ya kwanza, Gaslight ya 1944, kacheza hausigeli, na kwa uhausigeli huo huo akagombea Oscar, tuzo kubwa ya filamu Marekani, akiwa hajafika hata miaka 20. Mwaka uliofuata akafanya The Picture of Dorian Gray, akagombea tena. Ungesema basi, hapo staa. Wapi! Wakawa wanampa uhusika wa wanawake wenye umri mkubwa kuliko yeye, miaka nenda miaka rudi. Blue Hawaii ya 1961 alikuwa mama yake mwanamuziki Elvis Presley wakati kamzidi miaka tisa tu. Na 1962, The Manchurian Candidate, akawa mama wa muigizaji Laurence Harvey, kamzidi mitatu. Mitatu jamani! Itafuteni muione. Hachezi kama mtu aliyeonewa, anaongea kwa utulivu mpaka wewe unayeangalia nywele zinasimama, na uhusika huo wa mama ndio uliompa nafasi ya tatu ya kugombea Oscar.

Sasa upande wa kuimba. Igizo lake la kwanza la muziki Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, 1964, lilifungwa baada ya maonyesho 9. Tisa! Angeweza kusema jukwaa la kuimba sio langu, lakini akaenda kufanya usaili wa igizo la muziki la Mame, na sio mara moja, akaupata, na 1966 akiwa na miaka 40 akabeba Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway. Miaka 40 ndio anakuwa nyota wa jukwaa, nyie mna 24 mnaniambia muda umepita.

Kitu ambacho mimi nakirudia kila siku kwenye mazoezi ni igizo la muziki la Sweeney Todd la 1979. Alikuwa mama muuza pai, na wimbo wake wa kwanza anauimba huku anakanda unga, anaupiga, anafukuza wadudu, maneno yanakimbia na kila pigo la mkono lina mahali pake kwenye muziki. Mtu akisimama mbele ya maiki anaimba vizuri, lakini mpe beseni na unga uone pumzi inavyokata. Onyesho langu la kwanza la kuimba nilitakiwa nipande ngazi na ndoo, mazoezini nilikuwa naimba nimekaa, siku yenyewe sauti ikaniishia ngazi ya tatu. Tangu hapo nafanya hivi: nakanda chapati naimba, nafagia uwanja naimba, mpaka mikono isahau kama kuna wimbo. Jaribuni wiki mbili tu.

Na ujue sauti yako. Kwenye filamu ya katuni ya Beauty and the Beast ya 1991 walipompa ule wimbo wenye jina la filamu alisita, aliona haufai kwa sauti yake, wakamwomba auimbe kwa namna yake, akarekodi mara moja na hiyo ndiyo tunayoisikia mpaka leo. Hakujikakamua afanane na mwanamuziki wa redioni, kaimba kama mama anayesimulia.

Tamthilia ya runinga ya Murder, She Wrote aliianza 1984 na miaka 58, misimu 12, kila msimu kagombea Emmy, tuzo ya runinga, na hakupewa hata moja, na bado kila msimu anarudi kazini. Halafu 2009, miaka 83, karudi jukwaani kapata Tony ya tano.

Kwa hiyo wewe uliyepiga Jumanne, mpigie muongozaji leo kabla hajampa mtu mwingine. Usikimbilie kupaka nywele unga na kukunja mgongo. Muulize huyo mama kazaa wangapi, kalala saa ngapi, nani anamdai, na anapoinuka kwenye mkeka anaanza kushika wapi. Ukishajua anaposhika, nipigie tuanze mazoezi.