Uwanja mkongwe wa gofu usome kuanzia kwenye bendera

Mara ya kwanza nilipoalikwa kucheza kwenye klabu ya gofu ya kizamani, kilichoninyima usingizi ni mavazi. Hilo nalimaliza upesi: shati la kola, simu kimya, fika mapema. Aliyeniumbua ni uwanja wenyewe.

Ulikuwa mfupi, nikajua leo ni mteremko. Shimo la kwanza, pa 4 (yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mipigo minne), lilikuwa na njia pana ajabu, halina maji, miti iko mbali. Nikapiga kwa nguvu zangu zote upande wa kushoto palipokuwa peupe, mpira ukatua pazuri. Kumbe huo ndio ulikuwa mtego. Kutoka pale, banka refu, kizuizi cha mchanga, lilikaa katikati yangu na bendera inayoonyesha kitundu cha kuingiza mpira, na grini, ile sehemu ya nyasi fupi kuzunguka bendera, ilikuwa imeinamia upande wa pili. Mwenzangu alipiga kwa fimbo fupi, akajibana kulia karibu kabisa na mchanga, na mbele yake njia ikawa wazi. Mimi nikaandika mipigo 7.

Wabunifu wa zamani hawakuwa na matingatinga ya kujenga vilima. Waliifuata ardhi ilivyo, ugumu wakauweka kwenye pembe na kwenye grini. Donald Ross, Mskoti aliyehamia Marekani, ndiye aliyebuni uwanja wa Pinehurst No. 2 huko North Carolina, uliokamilika mwaka 1907. Grini zake zimevimba kama mgongo wa kobe: mpira unatua juu, unasitasita, halafu unateleza pembeni na kukuacha umeduwaa. Kwenye Old Course, uwanja mkongwe wa St Andrews huko Scotland, grini nyingi hutumika na mashimo mawili, na namba za mashimo hayo zikijumlishwa huleta 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15. Pale unaweza "kufika kwenye grini" na bado uwe mbali na shimo lako kama vile hujafika.

Kwa hiyo siku hizi nikisimama pa kuanzia, sitazami njia kwanza. Natafuta bendera, najiuliza ningependa kuikaribia kutoka upande gani, ndipo narudi nyuma hadi miguuni pangu. Banka lililo karibu na njia mara nyingi linalinda upande ulio bora, si ule mbaya. Kedi, yule anayenibebea fimbo na kunishauri, simuulizi umbali tu, namuuliza, "Nikikosea, nikosee wapi?" Grini nyingi za zamani zinateremka kutoka nyuma kuja upande wa mchezaji anayekaribia, hivyo jibu huwa ni kubaki upande wa chini wa shimo, hata kama ni kupiga pungufu.

Na ukishamaliza shimo, usikimbilie linalofuata. Zunguka nyuma ya grini, geuka, utazame ulikotokea (waliopo nyuma yako wasisubiri mno, tafadhali). Nilifanya hivyo kwenye lile shimo la kwanza niliporudi mara ya tatu, nikaliona banka langu na upenyo wa kulia vyote kwa pamoja, kweupe. Siku hiyo nilikuwa nimeandika 5.